JIBU: Uvimbe wa mume wangu pajani ni jipu?

Dada wa Ujiji, pole kwa kumuuguza shemeji. Umeuliza kama uvimbe ulioanza kama kipele pale ndoano ilipomchoma ni jipu, na kama umkamue. Kwa maelezo yako, inaelekea ni jipu: bakteria wamepenya ngozi ilipochanika, mwili ukapambana nao, usaha ukajikusanya. Mara nyingi ni stafilokokasi, ambao wengi wetu tunao puani na kwenye ngozi bila shida yoyote mpaka wapate upenyo.

Liguse taratibu kwa vidole viwili. Likiwa changa huwa gumu, lina joto, linauma. Likiiva, katikati hulainika na ukibonyeza unahisi kitu cha majimaji kinacheza ndani. Pengine huota kichwa cheupe au cha njano. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Angalia weusi uliozidi na ngozi inayong'aa kwa kuvutika.

Tafadhali usikamue wala usilitoboe kwa sindano, usaha unaweza kusukumwa ndani zaidi. Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu. Likishaiva, mhudumu wa afya atalipasua na kulisafisha; vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, kwa hiyo msizunguke duka hili na lile kununua dawa.

Akipata homa, akitetemeka, au mistari ikianza kupanda kuelekea kinenani, mpelekeni hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Na kwa kuwa umesema hili ni jipu la tatu mwaka huu, apimwe sukari, maana majipu ya kujirudia yanaweza kuwa dalili ya kisukari.