Hoteli ndani ya mbuga: pinga ikiwa bado ni karatasi

Mwaka 2020, Corona ikiwa imetufungia nyumbani, rafiki yangu wa Kitengela, mji ulio kusini mwa Nairobi, alinitumia kwa WhatsApp rasimu ya mpango wa usimamizi wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Chini yake aliandika maneno mawili: "Soma hoteli." Nikaifungua kwenye simu, nikavuta ramani kwa vidole viwili hadi macho yakauma. Kweli, humo ndani palikuwa na pendekezo la loji na mikahawa ya hali ya juu katikati ya mbuga yenyewe.

Nilichemka. Nikaandika Facebook maneno makali, laiki zikamiminika, nikalala nikijiona mtetezi wa vifaru. Maoni rasmi, yale yanayopokelewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kuwekwa kwenye faili, sikupeleka. Nilikuja kukumbuka siku ya mwisho ikiwa imeshapita. Wenzangu waliopeleka ndio waliobeba mzigo wangu.

Tangu hapo nimeandika barua nyingi kuhusu miradi ya aina hii, nyingine za maana, nyingine za aibu. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za "urithi wa vizazi vijavyo". Mama mmoja aliyezoea kazi hizi aliisoma, akanirudishia akicheka: "Mwanangu, hapa hakuna kitu mtu anaweza kujibu." Alikuwa sahihi. Ofisa anayepokea barua mia za urithi huziandikia mstari mmoja: wananchi wameonyesha hisia. Ila ukimwuliza swali, lazima alijibu au aonekane amelikwepa.

Kwa hiyo uliza vitu vya kushikika. Taja ukurasa na aya, kisha uliza: maji ya hoteli yatatoka wapi, kisima kitachimbwa kina gani? Maji taka yataishia wapi, na mto ulio karibu ni upi? Lori la mboga na la gesi litapita njia gani, saa ngapi? Jenereta itanguruma hadi saa ngapi usiku? Wafanyakazi watalala wapi? Watu wakisikia loji hufikiria paa la makuti na moto wa jioni. Kumbe loji ni kijiji kizima, na kijiji hakikai bila barabara.

Na ujue ardhi unayoitetea. Mbuga hii ilitangazwa 1946, ya kwanza nchini Kenya, na ina kilomita za mraba 117 tu. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini uko wazi, na huko ndiko nyumbu na pundamilia huvukia mto wakati wa mvua kwenda nyanda za Athi-Kapiti, wakarudi kiangazi. Katika mbuga kubwa mtu anaweza kukudanganya kwamba hoteli itajificha pembeni. Hapa pembeni ni wapi?

Nilikuwa pia na woga wa kijinga: mimi mtu wa Rongai, sina shamba linalopakana na mbuga, nani atanisikiliza? Kumbe Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda kortini kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chini ya sheria ya 2016 ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ripoti ya athari kwa mazingira ikiletwa, NEMA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa mazingira, hutoa tangazo magazetini, na kwa kawaida wananchi hupewa siku 30 kutoa maoni. Tangazo lenyewe ni dogo, maandishi ya kusomea miwani, mara nyingi limekaa jirani na zabuni za viti. Gawaneni zamu ya kulitafuta.

Katika baraza moja la mradi ambao sitautaja tulikaribishwa kwa soda na viti vya plastiki, daftari la mahudhurio likazunguka. Nikatia sahihi kama ninavyotia harusini. Miezi baadaye nikalikuta jina langu nyuma ya ripoti, kama mmoja wa "walioshirikishwa". Siku hizi naandika kando ya sahihi, kwa herufi kubwa: SIKUBALIANI, BARUA INAFUATA. Na barua naipeleka kweli.

Baraza hilo hilo ndilo lililonifunza kutokwenda mikono mitupu. Mzee mmoja wa Kimaasai alisimama akaniambia, "Kijana, wewe unakuja kutazama simba Jumapili unarudi kwako. Sisi simba anakula mbuzi, na vijana wetu hawana kazi." Nilikosa la kusema. Leo ningemjibu kwamba wageni walale nje ya mpaka, na pesa ziingie kwa wenye ardhi. Mombasa Road tayari kuna hoteli ng'ambo ya ua, mgeni anakunywa chai yake huku akitazama mbugani. Na kule Kitengela ulianzishwa mwaka 2000 mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua, wanyama wapite. Dola 4 zilikuwa kidogo, nakubali, hasa bei ya ploti ikipanda kila mwaka. Lakini pigania malipo ya aina hiyo, tena makubwa zaidi, usiishie kusema hapana.

Sitakuficha kwamba karatasi hushindwa. Mwaka 2016 mahakama maalumu ya mazingira (National Environment Tribunal) ilisimamisha reli mpya ya kisasa, SGR, isipite mbugani. Daraja lake la karibu kilomita sita lilijengwa hata hivyo, na treni zinapita juu ya twiga tangu 2019. Huo ulikuwa mradi wa serikali, wenye hazina nyuma yake. Mwekezaji binafsi ana mahali pa kumgusia: mkopo. Mwanamazingira Wangari Maathai alipokabiliana na mpango wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya umma ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, alitukanwa hadi bungeni, akaendelea kuandika barua, na nakala zikawafikia wa nje. Wafadhili walipojitoa, jumba likafa. Kwa hiyo ulizia mapema nani anakopesha, naye umwandikie.

Kila barua ibebe kwa nakala mbili. Ya pili usiondoke nayo hadi igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe inayosomeka. Yangu moja ilipigwa muhuri mkavu, nikaona haya kuomba urudiwe. Hadi leo hakuna anayeweza kuniambia kama ni tarehe 3 au 8.