Kijana umemlipa, fundi anayemfundisha je?

Jumatatu asubuhi tulipofungua maboksi ya nguzo, yale ya mbao yanayoshikilia zege mpaka ligande, kwenye saiti moja ya Madale, mbili kati ya tisa zilikuwa na matundu kama sega la nyuki kuanzia chini hadi usawa wa goti, nondo zinachungulia. Injinia wa mteja akaomba nyundo. Akagonga mara tatu, kipande cha zege kikadondoka karibu na kiatu chake. Hakusema neno, aliniangalia tu, akaenda zake kwenye gari. Tukavunja.

Aliyeshika vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishuke bila kuacha matundu, siku ya kumwaga zege lile ni kibarua niliyemwokota kijiweni alfajiri hiyohiyo, maana kijana wangu wa siku zote hakutokea. Fundi wangu wa nondo naye alikuwa ameondoka miezi miwili nyuma, kapata mradi mkubwa unaolipa vizuri. Sikumlaumu. Dar ya miaka ile ilikuwa inajengwa kila upande: daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, la Kijazi Ubungo 2021, huku reli ya kisasa ya SGR na barabara ya mwendokasi ya Mbagala zikimeza mafundi kwa mamia. Sisi makandarasi wadogo wa nyumba za Goba, Madale na Kigamboni tukabaki tunagombania mafundi waliosalia kama abiria wanaogombania daladala ya mwisho.

Nikaamua kufundisha wa kwangu. Naandika haya kwa mwenzangu mwenye wafanyakazi wanane au ishirini anayefikiria kufanya hivyo, na sehemu kubwa ya nitakayosema ni makosa yangu.

Nilianza na vijana wanne wa mtaani palepale. Nikawapa posho ya siku, chakula cha mchana na kofia ngumu, nikamkabidhi fundi wangu mkuu wa uashi, mzee wa Tandika mwenye mkono ambao hata leo sijaona wa kuufikia. Nikajua kazi imekwisha. Baada ya miezi mitano nikamwambia mmoja wao anisimamishie kona ya ukuta, kozi tatu tu, yaani mistari mitatu ya tofali. Akachukua pima maji, akaiweka juu ya tofali, akaganda. Hakujua kwamba kile kipovu kinatakiwa kikae katikati ya mistari miwili. Miezi mitano! Alichojua ni kuchekecha mchanga, kuosha mwiko jioni, kubeba karai, na mama ntilie yupi anakubali kukopesha.

Nikamvaa mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniambia: "Bosi, wewe unanilipa kwa tofali. Huyu mtoto akishika mwiko wangu nusu saa, tofali zangu zimelala. Hizo unanilipa wewe au ananilipa yeye?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Posho ya vijana nilikuwa nalipa, ya mwalimu sikuwa nalipa. Mbaya zaidi, nilikuwa namtoza faini kwa kila dakika anayofundisha, maana siku nzuri mzee anajenga tofali mia na hamsini, na akiwa na mwanafunzi pembeni hafiki mia. Mtu mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba atafundisha kwa mapenzi gani?

Palikuwa na la pili, ambalo alinieleza siku nyingine tukinywa kahawa, kwa kuzungukazunguka. Aliwahi kumfundisha kijana kwa bosi mmoja miaka ya nyuma. Kijana alipoiva, bosi akamwambia mzee apumzike kidogo, akamchukua yule kijana kwa nusu ya bei. Kwa hiyo kila unapomletea fundi mwanafunzi, yeye anaona mrithi wake amekuja kabla hajafa.

Basi nikabadilisha. Jumanne na Alhamisi mzee analipwa kwa siku, tofali hazihesabiwi kabisa, kazi yake ni kufundisha. Siku nyingine anarudi kwenye mkataba wake wa tofali kama kawaida. Juu ya hapo kuna tulichokiita hela ya kupasi: kijana akifaulu jaribio la hatua fulani, mzee anapata kiasi tulichokubaliana. Anayepima ni mimi au injinia, siyo mzee, vinginevyo wote watapasi wiki ya kwanza. Tukaandikiana pia kwamba yeye ndiye fomeni wa uashi na hakuna kijana atakayewekwa juu yake. Karatasi moja, sahihi mbili, shahidi mmoja. Nilidhani ile karatasi ni mapambo tu, lakini mzee aliikunja akaiweka kwenye pochi.

Ukiniuliza pesa imetoka wapi, nyumba ya kwanza niliila hasara mwenyewe. Kuanzia ya pili naiweka kwenye makadirio, kwenye fungu la maandalizi ya saiti pamoja na stoo, mlinzi na maji, na mteja akiuliza namweleza. Wateja wawili wamekataa. Sawa, nyumba zao hazikujengwa na mimi.

Nitakaa kidogo kwenye namna ya kufundisha, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoharibu. Usimfundishie mwanafunzi kwenye ukuta wa mteja. Nunua tofali zako sitini, tafuta kona ya saiti, mchanganyie chokaa na mchanga bila saruji hata kijiko. Anajenga kona asubuhi, mzee anapita na timazi na pima maji, wanabishana, mchana ukuta unavunjwa, tofali zinakwanguliwa, kesho zinajengwa tena. Chokaa haishiki kama saruji, kwa hiyo tofali zilezile zimenipeleka miezi. Mwambie mteja mapema, tafadhali. Wa kwangu alikuja bila taarifa akakuta vijana wanabomoa ukuta kwa shangwe, akadhani ni tofali zake.

Kijana yuleyule wa pima maji ndiye aliyenifurahisha siku ya kuseti msingi. Fundi anapotaka pembe ya msingi isimame sawa, anapima futi tatu upande mmoja, nne upande wa pili, kisha anasogeza kamba mpaka mshazari usome tano kamili. Akaishika tepu, akapima, kamba ikakaa, kisha akasimama ghafla. "Kumbe ndiyo ile ya mwalimu wa hesabu!" Kidato cha nne hesabu alipata F. Alirudia na sita, nane, kumi, halafu na tisa, kumi na mbili, kumi na tano, kuhakikisha kama tunamdanganya.

Kwenye zege tatizo letu la Dar ni maji. Kijana anayekoroga kwa koleo juani anaongeza maji ili chepe lipite kirahisi, na zege linakuwa uji. Ukimkemea ataacha ukiwepo. Mimi nachukua ndoo ndogo mbili. Ya kwanza inajazwa zege la vipimo vyetu, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, maji ya kiasi. Ya pili vipimo vilevile, ila maji aongeze yeye anavyopenda. Kesho yake yanatolewa kwenye ndoo yakiwa magumu, yanatumbukizwa kwenye pipa la maji wiki nzima, kisha nawapa nyundo wagonge wenyewe. La uji linameguka pembeni kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Tangu nianze mchezo huu, vijana ndio wanaomkemea dereva wa boza la maji anapotaka kuwasaidia kwa kuongeza maji kwenye zege.

Vijana nawachukua karibu na saiti, na sababu yangu siyo uzalendo wa mtaa. Siku ya zege tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kijana anayetoka Chanika kuja Madale lazima aamke usiku wa manane na abadilishe daladala njiani, akifika ameshachoka, na nusu ya posho yake imeishia kwa kondakta. Anayelala dakika kumi kutoka saiti hata mvua ikinyesha anakuja kuangalia kama turubai limefunika saruji. Tena wizi wa nondo ulipungua, sababu anayeiba atakutana na binamu yake.

Pita ofisi ya serikali ya mtaa, ueleze unachotafuta, watakutangazia. Jiandae tu kwamba mwenyekiti naye ana wapwa. Mpokee mmoja kwa heshima, wengine wapimwe kama wenzao. Kipimo changu ni siku tatu za kazi ya kawaida bila maswali mengi, nikiangalia nani anarudisha vifaa vikiwa vimeoshwa. Hao wanaosema vijana wa siku hizi hawapendi kazi, sijui huwatafuta wapi. Kundi langu la pili waliokuja kujiandikisha walinizidi viti.

Kuna umri. Ujenzi ni kazi ya hatari, na sheria yetu ya ajira ya 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za namna hiyo. Omba cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, hata kama kijana ana ndevu. Mwandikie mkataba, mwandikishe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na saiti yenyewe iwe inajulikana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Haya mengine mhasibu wako anayajua, mimi nataka nikuambie tu yatakavyokujia.

Ghorofa la Kariakoo lilianguka tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi. Wiki hiyohiyo mama mmoja akaja saiti akiwa ameongozana na binti yake aliyekuwa amechaguliwa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa juu ya tofali.

"Baba, ya Kariakoo umeyaona. Huyu nimemlea peke yangu. Akivunjika, namdai nani?"

Nilikuwa na majibu ya mdomo, lakini alitaka kuona. Nikamtembeza: kofia, viatu, jukwaa lililofungwa kwa kamba mpya, fomu ya mfuko wa fidia yenye jina la mwanawe. Akavitazama vyote kimya, kisha akauliza choo cha wanawake kiko wapi. Hakikuwepo. Miaka yote hiyo sikuwahi kukiwaza. Kilijengwa siku mbili zilizofuata, mlango na komeo, na binti akaanza wiki iliyofuata. Leo ndiye anayenikatia na kunikunjia ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazofunga nondo kubwa pamoja. Za wenzake zinapishana, za kwake ukizipanga zinalala kama sahani kabatini.

Kuhusu cheti: usijifanye chuo. Mkono anaupata kwako, karatasi aipate VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Nenda chuo chao cha Chang'ombe uulize mambo mawili. La kwanza ni uanagenzi pacha, ambapo kijana anagawanya muda kati ya darasa na mwajiri. La pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na hili ni kwa fundi wako mzee asiyekuwa na karatasi yoyote. Wa kwangu aligoma kwanza, akisema hawezi kupimwa na watoto. Alipokwenda, akapimwa akijenga, akarudi na cheti, akakitia fremu. Vijana sasa wanamwita Mwalimu, na hataki kuitwa vingine.

Kama una wafanyakazi kumi au zaidi, unalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Tozo hiyo lengo lake la awali ni kugharamia mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo ukifika pale Chang'ombe usiingie kinyonge kama mwombaji, umeshachangia.

Wataondoka? Wataondoka. Kati ya vijana wanane niliowafikisha mwisho, wawili wameshachukuliwa na kampuni kubwa, mmoja alipigiwa simu akiwa juu ya jukwaa langu. Mwanzoni nilijaribu kuwazuia kwa kushikilia sehemu ya posho mpaka mwaka uishe. Usifanye hivyo. Kijana wa kwanza kuugua alikuja kudai pesa yake na baba yake mzazi, na baba alikuwa na haki. Siku hizi nawapa vifaa kidogo kidogo: akipasi kona anapewa mwiko wake, akipasi ukuta wote anapewa pima maji, na posho inapanda kila hatua. Anayeondoka anaondoka na mwiko wake. Mmoja wa wale wawili ameshaniletea mdogo wake.

Kwa sasa nina vijana watano saiti ya Kigamboni, kundi la tatu. Nguzo tulifungua Jumamosi, ziko safi, na aliyeshika vaibreta ni yule wa F ya hesabu. Mzee jana kanifuata ofisini na daftari lake. Wawili wamepasi kona, anasema, na hela ya kupasi ya mmoja bado sijamlipa. Nimehesabu, ni kweli. Atapata Ijumaa.