Skafu inajikunja

SWALI: Ninafuma skafu ya sufu kwa ajili ya baridi ya asubuhi hapa Bukavu. Nilianza na vitanzi 40, vimebaki 36, na kingo zinajikunja. Nakosea wapi?

JIBU: Mama, kujikunja si kosa la mikono yako. Upande mmoja ukiwa laini mtupu na wa pili una vinundu, kitambaa hujivuta chenyewe. Hata pasi haikiponyi kabisa. Fumua (inauma, lakini uzi haupotei). Anza na mistari 6 ya kufuma kawaida (uzi nyuma, sindano ikiingia kitanzi kutoka mbele), kwenda na kurudi, na umalizie hivyohivyo. Katikati, vitanzi 5 vya kila ukingo uvifume kawaida kwenye kila mstari.

Vile 4 vilivyopotea? Chunguza mwisho wa mstari: kitanzi cha mwisho hulegea kikachomoka, au viwili vikafumwa pamoja. Hesabu kila baada ya mistari 2.