Kibati Kisicho na Mshale

Juzi usiku nimepata ujumbe wa binti mmoja anayesoma jiolojia mwaka wa tatu. Kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuendelea na mashapo ya barafu (udongo na mawe yaliyoachwa na barafu), lakini mjomba anayenilipia ada anasema mtu wa Songea na barafu wapi na wapi. Nimjibu nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe ni wa Songea na maneno hayohayo niliambiwa sebuleni kwetu, mbele ya wageni.

Mwambie mjomba kwamba barafu ilifika kwetu kabla yake. Shuka bonde la Ruhuhu, pita tabaka zenye makaa ya mawe ambayo kila mtu anayajua, nenda chini zaidi mpaka kwenye miamba iitwayo Idusi. Humo utakuta mawe makubwa kwa madogo yamegandamana na tope la kale. Ni mabaki ya zama za barafu za miaka takriban milioni 300 iliyopita, wakati Afrika ilikuwa kipande cha Gondwana, bara kubwa la kale, na imekaa kusini zaidi ya ilipo leo. Ukitaka ushahidi wa kushika kwa mkono, nenda Nooitgedacht karibu na Kimberley, Afrika Kusini. Mwamba pale una mikwaruzo iliyonyooka, barafu ilipita ikiburuta mawe juu yake. Baadaye sana watu wa kale wakaja wakachonga picha zao juu ya mwamba uleule. Mjomba akishamaliza kusikiliza hilo, mwombe na nauli.

Sasa nikwambie na upande wangu, maana wengi mnaona tu picha ninazotuma na habari kwamba makala yangu imekubaliwa wiki iliyopita. Ndiyo, imekubaliwa, na sitajifanya sina furaha. Lakini ilitakiwa itoke miaka miwili nyuma. Imechelewa kwa sababu ya mshale.

Kazi yangu ya shahada ya pili niliifanya Happisburgh, kijiji cha pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Wenyeji hutamka "Heizbra". Mimi nililitamka kama lilivyoandikwa, dereva wa basi akanitazama kama nimeuliza njia ya kwenda mwezini. Pale ufukweni kuna ukuta wa udongo unaoitazama bahari, na sehemu yake ya chini ni tope gumu la kijivu lenye vipande vya chaki na gumegume. Wenyewe huliita tili. Lililetwa na bamba la barafu lililofunika sehemu kubwa ya Uingereza miaka kama 450,000 iliyopita.

Hilo tope hukusanyi kwa koleo na mfuko wa rambo. Unasafisha uso wa ukuta kwa kisu, unachukua kibati cha bati chenye mifuniko miwili, kiitwacho kwa jina la Walter Kubiëna, mtaalamu wa udongo wa Austria, unakisukuma taratibu, kisha unachonga pembeni mpaka kitoke kimejaa udongo ambao haujavurugika hata punje. Kabla hakijatoka, unachora mshale unaoonyesha juu, na mwingine unaoonyesha kaskazini. Ni kazi ya sekunde kumi.

Siku ile ilikuwa Novemba. Mvua ya ubavu, vidole vimekufa ganzi, na kalamu yangu ya wino ikakataa kuandika kwenye bati lililolowa. Nilikuwa na vibati sita. Viwili vya kwanza nilivichora kabla mvua haijakolea. Vinne vilivyobaki nikajisemea nitavichora garini. Garini nikawasha kipasha joto, nikanywa chai, nikalala.

Miezi minne iliyofuata nairuka, haina utamu: kukausha, kuloweka kwenye rezini ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, kusubiri igande, kukata kwa msumeno wa almasi, kubandika kwenye kioo, kusaga. Unasaga mpaka udongo ubaki na unene wa milimita 0.03. Utajuaje umefika? Unaweka kipande kwenye hadubini, kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, unatafuta punje ya kwatsi, madini ya kawaida kwenye mchanga. Ikiwa ya manjano, bado nene, rudi ukasage. Ikiwa kijivu kinachoelekea weupe, acha hapohapo. Ukizidisha kidogo, kipande chako kinaondoka na maji machafu ya sinki. Usiniulize nimejuaje.

Lakini siku kipande cha kwanza kilipokubali, cha kimoja kati ya vile vibati vinne, nilisahau kula. Katikati kulikuwa na punje kubwa, na punje ndogo zimeizunguka duara, kama watu kwenye uwanja wa ngoma. Nilipozungusha meza ya hadubini, udongo mfinyanzi ulioikumbatia ile punje ukawaka, ukazima, ukawaka tena upande wa pili. Maana yake chembe za mfinyanzi zimejipanga kuifuata punje, na punje ilikuwa inabiringika. Pembeni palikuwa na kwatsi iliyovunjika vipande vitatu vinavyoingiana kama kigae kilichoanguka sakafuni sasa hivi. Udongo ule ulikuwa umesongwa. Kama umewahi kuangalia mama akisonga ugali mgumu, jinsi unavyojikunja kuufuata mwiko, basi umeona kilichotokea chini ya barafu ile.

Jaap van der Meer, Mholanzi, aliyaeleza haya mwaka 1993 katika makala ambayo kila mtu wa fani hii ameisoma: mengi ya mashapo haya yalikuwa yanatembea pamoja na barafu, na hadubini inaweza kuonyesha hivyo. Siyo mambo ya kale tu. Mwaka 1986 watafiti walitumia mitetemo chini ya mkondo wa barafu ambao leo unaitwa Whillans, Antaktika ya Magharibi, wakagundua mita kadhaa za tope lililojaa maji. Barafu nene ajabu inateleza kwa sababu tandiko lake ni laini. Barafu ya nchi kavu ikiteleza kuingia baharini, maji ya bahari hupanda; anayeishi Kigamboni au Lamu na hajali habari hiyo, bahari itamkumbusha.

Basi nikapeleka picha zangu kwenye kikao cha kila Jumatano. Msimamizi akasifu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Juu ni wapi?" Nikanyamaza. "Kaskazini je?" Nikanyamaza zaidi. Akasema, "Basi huu ni udongo mzuri tu," na chumba kizima kikacheka. Nilicheka nao. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko masikio yanapata moto, na yeye sidhani hata anakumbuka.

Alikuwa sahihi, hilo ndilo linaloniuma. Kipande kile kilithibitisha kwamba udongo ulisongwa, lakini hakikuweza kusema mwiko ulitoka upande gani. Machi nikarudi Happisburgh na vibati vipya. Ule ukuta haukuwepo. Bahari ilikuwa imeula majira ya baridi yote, na mahali pangu palikuwa rundo la tope linalolambwa na mawimbi. Nikasimama pale na picha mkononi nikilinganisha na hewa. Ilibidi nianze upya pahali pengine, kwa pesa ya kuosha vyombo.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu, ni mshale. Najua ulitaka niseme kuhusu ufadhili na barua za maombi, nitaandika siku nyingine. Chora mshale. Chora ukuta wote kwenye daftari kabla hujaugusa, kisha chora mshale. Usimwamini mtu anayesema utakumbuka, na mtu huyo mara nyingi utakuwa wewe mwenyewe, umechoka na una njaa. Vijana tuna haraka ya kufika kwenye hadubini kwa sababu ndiko kwenye picha nzuri, lakini kazi inaharibikia kwenye mvua, hakuna anayekuona.

Na kalamu ya wino usinunue. Nilijaribu aina tatu, zote zinashindwa na bati lililolowa. Tafuta msumari wa inchi tatu, ufunge kamba, uvae shingoni. Mshale uliokwaruzwa kwa msumari mvua haiufuti.