Kilele hukijui mpaka kikupe kisogo

Nafanya biashara ya fedha za kigeni, ile forex. Nilikuwa nimekaa kibarazani Kirumba, Mwanza, simu mkononi, natazama pauni dhidi ya dola kwenye chati ya saa moja. Mshumaa, yaani alama ya mwendo wa bei ndani ya saa hiyo, ukapanda, ukarudi, ukaacha utambi mrefu juu, ule mstari mwembamba wa bei iliyofikiwa kisha ikaachwa. Nikasema hiki ndicho kilele, nikauza nikitegemea bei ishuke. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini mshumaa ufunge. Ulipofunga, ule utambi ulishamezwa, bei imepita juu ya mstari wangu na stop losi, oda yangu ya kukata hasara, imekwenda nayo. Wiki ile nilirudia kosa hilohilo mara tatu. Ubishi nimezaliwa nao.

Na mimi ni mtu wa ziwa, nilipaswa kujua. Mwaka 2020 Victoria lilipofurika, kila asubuhi tulisema leo maji yamefika mwisho, kesho yake yanaongezeka. Alama ya mwisho kwenye mawe tuliiona yalipoanza kushuka.

Siku hizi sichori kilele mpaka ncha ya mshumaa iwe imezidi ncha za miwili ya kushoto na miwili ya kulia, na hiyo ya kulia iwe imefunga kabisa. Bonde ni hivyohivyo kwa chini. Ndiyo fraktali ya Bill Williams, mwandishi wa vitabu vya biashara hii, mishumaa mitano basi. Bei yake ni kuchelewa: kama kila mshumaa ni wa saa nne, unasubiri saa nane nzima. Nimekubali. Kiashiria cha zigizagi, kinachounga vilele na mabonde kwa mistari, kitakuonyesha pembe safi ukitazama nyuma, ila mguu wake wa mwisho huhama bei ikienda juu zaidi. Kimenidanganya vya kutosha.

Usichore kila kinundu, chati itajaa mistari kama wavu uliochanika. Anza na chati ya siku. Kilele ninachokiheshimu ni kile ambacho bei ilipotoka hapo ilishuka mpaka ikavunja bonde lililotangulia, tena kwa kufunga chini yake. Utambi peke yake sihesabu. Vilele na mabonde vikiendelea kupanda, mimi siuzi, hata bei ionekane imechoka vipi.

Kuna jambo moja dogo lililonila pesa nyingi. Ukiuza, stop losi yako hukaa juu ya kilele, lakini oda hiyo hufungwa kwa bei ya kununulia, wakati chati ya MetaTrader, programu tunayofanyia biashara, huchorwa kwa bei ya kuuzia. Kwa hiyo ongeza spredi, yaani tofauti ya bei hizo mbili, juu ya ncha, kisha acha nafasi kidogo. Usiku soko la New York linapofunga, kwetu saa sita au saa saba kutegemea majira yao, spredi hutanuka sana. Nimewahi kuamka alfajiri, boti za dagaa zinarudi mwaloni, nikakuta nimeshafungiwa kwa hasara, na kwenye chati bei haijagusa mstari wangu hata kidogo.