Kugeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi sauti iliyopotea

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyimbo kama 6,000 kwenye kompyuta ya nyumbani, nyingi za dansi na taarab, zilizonakiliwa kutoka kaseti za marehemu baba kwa MP3 ya 128. Mbaraka Mwinshehe peke yake anatokea mara nne, kwa tahajia nne. Kijana mmoja anasema kwa siku moja atazigeuza zote ziwe FLAC zenye sauti ya CD, afute zilizojirudia, azipange. Akimaliza, naweza kuzigawa zile kaseti? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kaseti usigawe hata moja, na kompyuta usimpe huyo kijana.

Jambo hili naletewa karibu kila wiki, na kila mara linaniuma. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa kila sekunde ya muziki. MP3 ya 128, yaani ya kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama sehemu moja ya kumi na moja tu ya hizo. Ili ifike hapo, programu iliyozibana nyimbo zako ilichagua sauti ambazo sikio haligundui upesi kwamba hazipo, ikazitupa: ncha ya mlio wa matoazi, mwangwi wa chumba, pumzi ya mpuliza saksafoni. Hazikuwekwa kando zikisubiri kuitwa. FLAC ni muundo mzuri mno, hupunguza faili ya CD hadi karibu nusu bila kupoteza chochote, lakini hutunza kile ulichokitia na si zaidi. Tui likishatiwa maji, hata ulihamishie sufuria kubwa halirudi kuwa zito. Utakachopata ni diski iliyojaa na sauti ileile. Na anayekwambia afadhali uzipandishe ziwe MP3 za 320 anakuharibia zaidi, kwa sababu hapo sauti inabanwa mara ya pili na kutupwa tena.

Sauti iliyotupwa imebaki mahali pamoja tu: kwenye zile kaseti ulizotaka kuzigawa.

Upangaji wenyewe hauhitaji fundi. Kubadili jina la faili hakutoshi, maana programu ya kupigia muziki husoma lebo zilizo ndani ya faili, yaani maandishi ya jina la wimbo, msanii na albamu. Tumia Mp3tag, programu ya kuhariri lebo hizo, ni ya bure kwenye Windows. Chagua tahajia moja ya Mbaraka, kisha uibandike kwenye nyimbo zake zote kwa mkupuo. Bendi iweke kwenye nafasi ya msanii wa albamu, ili nyimbo zake za Morogoro Jazz zisichanganyike na za bendi yake nyingine, Super Volcano. Ukikuta majina yaliyokatika katikati usishangae: lebo za awali za mwaka 1996 zilikubali herufi 30 tu.

Sasa hilo la kufuta zilizojirudia. Santuri ndogo za zamani hazikutosha wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, kwa jina lilelile. Tena bendi nyingi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo uleule ukarekodiwa mahali pengine kwa ajili ya santuri, ala na uimbaji vikitofautiana. Programu inayolinganisha majina haiyajui hayo. Mama mmoja aliniletea diski iliyokwisha "kusafishwa" hivyo: kila wimbo wake wa sehemu mbili ulikuwa umebaki nusu, na nakala nyingine hakuwa nayo. Sikuweza kumsaidia. Sikiliza kwa masikio yako kabla ya kufuta, hata kama itakuchukua miezi.

Wanaouza kazi hizi za siku moja wamejaa mitaani, wengine na flashi zilizoandikwa "sauti halisi", na ndani yake ni MP3 zilezile zilizovimbishwa. Hasara ya pesa ni ndogo. Kubwa ni kwamba faili hujitangaza FLAC, mwanao baada ya miaka 10 anaiamini, anafuta ile ya zamani na kuitupa kanda yenyewe. Rekodi nyingi za redioni hazikutolewa kwenye santuri, kwa hiyo kanda ya nyumbani kwenu huenda ikawa na kitu ambacho hakipatikani dukani.

Kabla ya kugusa chochote, nakili nyimbo zote kwenye diski mbili za nje, moja ikae nyumba nyingine. Kisha tafuta deki ya kaseti isiyo mbovu, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, uiunganishe na kompyuta kwenye tundu la kuingizia sauti, urekodi kwa programu ya Audacity katika WAV, muundo usiobana sauti. Hapo ndipo FLAC ina kazi: igeuze hiyo WAV, na MP3 za zamani ziache kama zilivyo mpaka umalize kaseti ya mwisho. Anza na zile ambazo mzee aliziandika kwa mkono wake.