Maswali ya Wasomaji: Mpima Ardhi, Ramani ya Mafuriko na Mfuko Wangu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumenunua nyumba Houston, Texas, baada ya kujibana kwa miaka mingi. Siku chache kabla ya kutia saini, benki ilituarifu kuwa ramani ya serikali inaiweka nyumba hiyo ndani ya ukanda wa mafuriko, na kwamba pasipo bima hakuna mkopo. Jirani akanishauri nimwite mpima ardhi, nikamlipa mamia ya dola kwa kazi ya asubuhi moja. Sasa nasikia chama cha wapima hao hupeleka watu Washington kuwaomba wabunge waongeze fedha za ramani. Je, huku si mwamba ngozi kuvutia kwake? (Mama Neema, Houston)

JIBU: Mama Neema, kwamba wanavutia kwao hilo halina ubishi, ila tuitazame kwanza ngozi yenyewe.

Sharti lile halikubuniwa na benki yako. Bima ya taifa ya mafuriko ilianzishwa kwa sheria ya 1968, na sheria ya 1973 ikailazimisha kwa nyumba zenye mikopo inayohusiana na serikali kuu, endapo ziko mahali ambapo kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa na maji. Asilimia 1 husikika kama si kitu, lakini katika mkopo wa miaka 30 uwezekano huo hufika karibu asilimia 26. Mstari wa ukanda huchorwa na FEMA, wakala wa serikali kuu unaoshughulikia majanga, na aliyeuchora huenda hajawahi kukanyaga uani kwako.

Mpima wako ndiye aliyekanyaga. Alisimamisha fimbo yake ya vipimo pale ambapo udongo unaogusa nyumba uko chini kuliko kwingine kote, iwe ni kwenye kona ya ukuta, mguu wa ngazi au nguzo ya baraza lililoshikamana na nyumba, akausoma mwinuko wake na kuulinganisha na kimo cha mafuriko kilichowekwa na FEMA. Udongo huo ukiwa sawa na kimo hicho au juu yake, hata kwa inchi moja, FEMA inaweza kukuandikia barua ya kuitoa nyumba ukandani, na ombi lenyewe halitozwi ada iwapo ardhi ni ya asili, haikuinuliwa kwa kifusi. Benki, hata hivyo, ina hiari ya kuendelea kudai bima. Kwa hiyo ulilipia tarakimu moja, na mabishano yote ya wapima huko Washington yanahusu mahali tarakimu hiyo inapoanzia.

Mwinuko huhesabiwa kutoka alama za msingi zilizopandwa ardhini, na huko kwenu ardhi imezama. Maji ya chini yalivutwa kwa pampu kwa miongo mingi hata sehemu za mashariki ya Houston zikashuka kwa takriban futi 10. Mtaa wa Brownwood, katika mji wa Baytown, ulihamwa baada ya kimbunga Alicia cha 1983, na leo ni hifadhi ya mazingira. Alama iliyozama pamoja na ardhi humdanganya mpima kama pimamaji iliyopinda inavyomdanganya fundi mwashi: kila anachokijenga atakiona kimenyooka. Ndiyo maana wapima wanafuatilia kwa karibu mpango wa serikali wa kubadilisha mfumo wa vimo unaotumika sasa, uitwao NAVD 88, kwa mfumo mpya unaotegemea setilaiti na vipimo vya nguvu ya mvutano wa dunia.

Jambo jingine lililoungwa mkono na wapima ni ule mpango wa Idara ya Jiolojia ya Marekani wa kupima mwinuko wa nchi nzima kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege, ambao uliwekewa msingi wa kisheria Januari 2021. Vipimo hivyo hutolewa bure kwa yeyote, na FEMA imeruhusu, kwa masharti, vitumike mahali pa vipimo vya mpima katika maombi kama lako. Anayetetea hazina ya namna hiyo anaivutia ngozi kwa jirani yake pia, na hapo mimi niko upande wao.

Kuna mahali siko upande wao moja kwa moja. Tangu Oktoba 2021 bima ya taifa ilianza kukokotoa malipo kwa utaratibu mpya usiolazimisha hati ya mwinuko, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa riziki ya ofisi nyingi ndogo za upimaji. Mpima anayelalamika ana hoja, kwa sababu kipimo cha uwanjani hushinda makadirio ya kompyuta. Lakini pia ana pango la ofisi la kulipa, na msomaji ana haki ya kuyasikia yote mawili katika sauti moja.

Ukiipata barua, nakusihi usikimbilie kufuta bima. Katika mafuriko ya kimbunga Harvey ya Agosti 2017, nyumba zaidi ya 150,000 ziliingia maji katika Kaunti ya Harris, ambamo Houston imo, na takriban theluthi mbili zilikuwa nje ya ukanda uliochorwa. Mwaka uliofuata, makadirio ya mvua kubwa ya saa 24 kwa Houston yalipandishwa kutoka inchi 13 hadi 18. Rasimu ya ramani mpya itakapotangazwa kwenu, kutakuwa na siku 90 za kukata rufaa, na rufaa hiyo husikilizwa kwa vipimo, si kwa manung'uniko. Karatasi ya mpima wako itunze.

SWALI: Mhariri, hapa Dar es Salaam ramani za mafuriko zilichorwa na wanafunzi na wakazi wa mitaa, si wapima wenye leseni. Je, zina thamani gani? (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Bila shaka unaizungumzia Ramani Huria, iliyoanza 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wa maeneo kama Tandale waliingia vichochoroni na kuchora mifereji, njia na nyumba, wakisaidiwa na picha za droni. Thamani yake ni kubwa, kwa kuwa hakuna ndege inayojua kuwa mfereji fulani umezibwa na taka, wala kwamba maji yalifika usawa wa dirisha la nyumba fulani. Hayo huyajua mama anayekaa humo. Palipo na haja ya mpima ni kwenye vimo: picha za droni hazitoi mwinuko wa kuaminika mpaka ziunganishwe na alama zilizopimwa ardhini kwa usahihi, na katika bonde tambarare kama la Msimbazi, kosa dogo la kimo linaweza kuwatoa watu wengi ukandani au kuwaingiza. Mkazi aonyeshe alama ya maji ukutani, mpima aipime.